BWANA SHAMBA ANASEMA: Nani Atachota Maji?

Ndugu msomaji,

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya samadi. Nilisema kwamba samadi iliyoachwa juani hupoteza nguvu. Wasomaji kadhaa wameniambia kwamba wamekwisha chimba mashimo ya kuifunika. Hongera.

Mwezi huu tuzungumze juu ya misaada. Siku hizi wageni wengi wanafika vijijini kwetu, hapa Olmotonyi na katika vijiji vingine chini ya Mlima Meru. Wanasema: "Hali ya hewa ya dunia inaharibika. Sisi ni shirika la kutoa msaada. Tunataka kupanda miti pamoja nanyi."

Je, tuwakatae? Hapana. Je, tukubali kila neno lao? Hapana pia. Tusome pamoja, halafu kila mmoja apime mwenyewe.

HEWA IMEKUWAJE?

Nchi zenye viwanda vingi zimechoma makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya miaka 150. Moshi wake umejaza angani hewa iitwayo hewa ya ukaa. Hewa hii haionekani kwa macho. Kazi yake ni kama ya blanketi. Ukijifunika blanketi moja usiku wa Julai hapa Olmotonyi, utalala vizuri. Ukijifunika mablanketi matano, utatoka jasho. Dunia nayo imefunikwa mablanketi mengi mno. Mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko miaka yote tangu watu waanze kupima joto la dunia.

Joto likizidi, mvua huacha utaratibu wake. Mwaka 2009 wafugaji wa Longido na Monduli walipoteza ng'ombe wengi sana kwa ukame. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilipiga Mlima Hanang. Matope na mawe yaliporomoka mpaka mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siwezi kusema kwamba kila ukame na kila mafuriko yameletwa na moshi wa viwanda. Ukame ulikuwapo tangu enzi za babu zetu. Lakini wataalamu wanasema joto linazidisha yote mawili. Kiangazi kikali kinakuwa kikali zaidi, na mvua kubwa inakuwa kubwa zaidi.

Bara zima la Afrika hutoa chini ya sehemu 5 katika kila sehemu 100 za hewa hiyo. Mkulima wa Olmotonyi mwenye ng'ombe wawili na jiko la kuni hakuharibu hewa ya dunia. Lakini kiangazi kinamkuta yeye kwanza.

Ndiyo maana wako watu wa mbali wanaotoa fedha. Wengine hutoa kwa sababu wanaona jambo hili si haki. Wengine hutoa kwa sababu dini yao inawafundisha hivyo. Wengine wanataka jina lao lionekane safi. Hayo ni ya kwao. Fedha hizo hukusanywa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Shirika la namna hii ni chama cha watu kinachofanya kazi kwa michango. Si la Serikali, na watu wake hawagawani faida.

Usidhani kwamba fedha hizo ni nyingi. Katika kila shilingi 100 zinazotolewa duniani kama misaada ya hiari, shilingi zinazokwenda katika kazi ya hali ya hewa hazifiki 2. Na katika hizo chache, sehemu kubwa hutumika huko huko Ulaya na Marekani. Kwa hiyo kila shilingi inayofika kijijini ina kazi kubwa. Haifai ipotee.

Sasa mti unaingiaje? Mti hula hewa ya ukaa kupitia majani yake. Huigeuza kuwa mbao, mizizi na matawi. Chukua gogo lililokauka vizuri ulipime. Karibu nusu ya uzito wake ni ukaa uliotoka hewani. Mti ukiishi miaka 40, umeuweka ukaa huo miaka 40. Mche ukifa mwezi wa nne, haukuweka kitu.

Miti peke yake haitaponya dunia. Wenye viwanda na magari mengi lazima wapunguze moshi wao. Lakini hapa kwetu mti una faida nyingine. Unashika udongo usiende korongoni. Unasaidia maji ya mvua kuingia ardhini. Unatupa kuni, kivuli na chakula cha mifugo. Hata kama Ulaya wasingetujali, bado tungehitaji miti.

SWALI LA MAMA MMOJA

Hivi karibuni nilialikwa kwenye Mkutano Mkuu wa kijiji kimoja cha jirani. Sitakitaja jina, kwa sababu hawajakata shauri. Shirika moja liliomba kupanda miche 10,000 ya mikaratusi. Mahali walipopataka ni malisho ya ndama yaliyo juu ya chemchemi. Mgeni alizungumza vizuri sana. Alionyesha picha. Alisema kila atakayekuja siku ya kupanda atapewa fulana na soda. Watu walipiga makofi.

Kisha akasimama mama mmoja mjane. Akasema: "Mgeni wetu, karibu sana. Tunashukuru kwa miche. Mimi nina swali moja tu. Ikifika Agosti, nani atachota maji?"

Mgeni alitazama karatasi zake. Alikuwa mtu mkweli. Akajibu: "Mama yangu, maji hayamo katika bajeti yetu. Bajeti yetu inaishia siku ya kupanda."

Mkutano ulinyamaza. Mwenyekiti aliahirisha shauri hadi mkutano ujao.

Ndugu msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme mama yule amepewa miche 30. Kila mche unahitaji lita 10 za maji mara mbili kwa wiki. Kiangazi chetu, tangu katikati ya Juni mpaka mwisho wa Oktoba, ni kama wiki 20.

Miche 30 mara lita 10 ni lita 300. Mara mbili kwa wiki ni lita 600. Kwa wiki 20 ni lita 12,000. Ndoo moja ni lita 20. Kwa hiyo mama atachota ndoo 600.

Ndoo 600! Kama kwenda kisimani na kurudi ni nusu saa, hizo ni saa 300. Ni zaidi ya siku 37 za kazi za saa 8. Na hicho ni kiangazi kimoja tu. Mche hautaki kuachwa kabla ya kiangazi cha pili.

Tuendelee. Tuseme mche mmoja kitaluni ni shilingi 500. Miche 30 ni shilingi 15,000. Tuseme kibarua hulipwa shilingi 5,000 kwa siku. Siku 37 ni shilingi 185,000. Bei hizi nimeziweka kwa mfano tu. Wewe weka bei za kwenu. Lakini utaona kwamba shirika limetoa 15,000 na mama ametoa 185,000.

Sasa niambie, mfadhili ni nani hapo?

Katika taarifa itakayopelekwa mbali itaandikwa kwamba shirika limepanda miti 10,000. Mama hatatajwa. Mimi sina ugomvi na shirika. Nataka mama ajue kwamba yeye ndiye mtoaji mkubwa. Mtoaji mkubwa hakai mkutanoni kama mwombaji. Anauliza maswali, na anaweka masharti.

WATU WALIOLIPA MTI ULIO HAI

Kazi hii si mpya katika Afrika Mashariki. Mwaka 1922, huko Kikuyu nchini Kenya, afisa misitu Mwingereza aitwaye Richard St. Barbe Baker alishirikiana na Chifu Josiah Njonjo. Walianzisha chama kilichoitwa Watu wa Miti. Kila mwanachama aliahidi kupanda miti 10 kwa mwaka. Chama hicho baadaye kilikwenda Uingereza na kuwa shirika la hisani. Mpaka leo kipo, kwa jina la International Tree Foundation. Kwa hiyo shirika lile la Uingereza lilizaliwa hapa kwetu Afrika Mashariki.

Lakini somo kubwa zaidi tunalipata kwa Wangari Maathai. Yeye alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanawake wa vijijini walimweleza shida zao. Kuni ziko mbali. Maji yamepungua. Watoto hawapati chakula cha kutosha. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya walipanda miti 7 katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Ilikuwa sherehe. Miti 5 kati ya ile 7 ilikufa.

Wangari hakukata tamaa. Alikwenda kwa mkuu wa misitu wa Kenya kuomba miche. Alisema anataka mti mmoja kwa kila Mkenya. Wakati ule Wakenya walikuwa kama milioni 15. Mkuu yule alicheka. Akamwambia achukue miche yote anayotaka, bila malipo. Haukupita mwaka, akamwita tena. Akamwambia kwamba wanawake wanachukua miche mingi mno, sasa lazima walipe.

Basi wanawake wakaanza vitalu vyao wenyewe. Walitafuta mbegu katika misitu yao. Walizipanda katika makopo na vyungu vilivyovunjika. Wataalamu wa misitu walisema kazi hii inahitaji watu wenye diploma. Wanawake waliendelea. Baadaye waliitwa wataalamu wa misitu wasio na diploma. (Mimi nina cheti cha kilimo, na Chuo cha Misitu kiko hapa hapa Olmotonyi. Tunaheshimu vyeti. Lakini sijaona cheti kinachomwagilia mche.)

Fedha zilitoka wapi? Chama cha misitu cha Norway kilisaidia. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia wanawake ulisaidia pia. Angalia jinsi fedha hizo zilivyotumika. Mwanamke hakulipwa kwa kupanda mche. Alilipwa senti chache kwa kila mche uliopandwa na ukaishi. Mche ukifa, hakuna malipo. Kwa utaratibu huo kila senti ya Norway ilikutana na ndoo ya maji ya mama wa Kenya. Chama hicho, kiitwacho Green Belt Movement, kimepanda miti zaidi ya milioni 50 tangu 1977. Mwaka 2004 Wangari alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011.

Hapa kwetu Tanzania upo utaratibu unaofanana na huo. Unaitwa TIST. Ulianza mwaka 1999 huko Mpwapwa, Dodoma. Wakulima hukaa katika vikundi vya watu 6 mpaka 12. Miti yao huhesabiwa, na malipo hufuata miti iliyo hai. Kutoka Mpwapwa mpango huo ulikwenda Kenya, Uganda na hata India.

MITI ILIYOKUWA CHINI YA ARDHI

Pengine msaada mzuri si mche. Ni maarifa tu. Tutoke kidogo Afrika Mashariki, twende Niger, nchi iliyo ukingoni mwa jangwa la Sahara.

Huko alikuwapo Mwaustralia aitwaye Tony Rinaudo, akifanya kazi na shirika la Kikristo. Alipanda miche kwa miaka zaidi ya miwili. Mingi ilikufa kwa jua, mchanga na mbuzi. Siku moja mwaka 1983 alisimamisha gari apunguze upepo katika magurudumu, apite kwenye mchanga. Akaona kichaka kidogo. Alipokikaribia aliona kwamba si kichaka. Ni kisiki cha mti uliokatwa, kinachochipua. Chini yake kulikuwa na mizizi mizima ya mti mkubwa. Nchi ile ilikuwa imejaa visiki kama hivyo. Msitu haukuwa umekwisha. Ulikuwa chini ya ardhi ukingoja watu waache kuukata.

Wakulima walianza kuchagua machipukizi machache yenye nguvu na kuondoa mengine. Mwaka 1984 njaa ilikuja. Shirika likatoa chakula kwa watu waliotunza visiki katika mashamba yao. Msaada wa chakula ulipokwisha, wengi waliikata tena miti ile. Ndugu msomaji, usipite hapo haraka. Msaada uliondoka, na miti ikaondoka nao. Lakini wale walioiacha miti yao waliona mavuno mazuri. Majirani waliona pia. Polepole wengi walirudi kwenye kazi ile bila kulipwa na mtu.

Jambo jingine lililosaidia ni umiliki. Zamani sheria ya nchi ile ilisema miti yote ni mali ya dola, hata iliyo katika shamba la mtu. Nani atatunza kitu kisicho chake? Wakulima walipoanza kuachiwa miti iwe yao, waliilinda. Baada ya miaka kama 20, wataalamu walikuta miti imerudi katika hekta kama milioni 5.

Maarifa hayo yamefika Dodoma. Huko yanaitwa Kisiki Hai. Tangu 2018 yanafundishwa na shirika la Kitanzania la LEAD Foundation pamoja na shirika la Justdiggit la Uholanzi. Kazi yake haina gharama kubwa. Unachagua kisiki kinachochipua. Unaacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka. Mengine unayapogoa kwa kisu kikali. Unafunga kitambaa au kamba ili kila mtu ajue kwamba kisiki kile kinatunzwa. Kisha unakilinda na mbuzi. Humwagilii maji, kwa sababu mizizi imekwisha fika chini.

Ninyi wa sehemu za chini, kuelekea Kisongo na Oldonyo Sambu, jaribuni njia hii. Migunga yenu iliyokatwa kwa mkaa bado ina mizizi. Huku juu penye mvua nyingi njia ya miche bado inafaa, mradi miche itunzwe.

KARATASI KABLA YA FEDHA

Sasa tuje kwenye ardhi. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wanaishi Wahadzabe. Wao huishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Ardhi yao ilikuwa ikipungua kila mwaka, kwa sababu wengine waliingia kulima na kulisha mifugo. Shirika lisilo la kiserikali la Ujamaa Community Resource Team, lenye makao yake Arusha, lilisaidia Wahadzabe kupata hati. Mwaka 2011 walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi yao ya pamoja. Eneo lake ni zaidi ya hekta 20,000. Edward Loure wa shirika hilo alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2016, kwa kazi ya kusaidia jamii za wafugaji na wawindaji kupata hati kama hizo. Ardhi iliyopatiwa hati ilizidi ekari 200,000.

Baada ya hati ndipo ilipokuja biashara. Kampuni ya Carbon Tanzania, nayo ya Arusha, iliingia mkataba na watu wa Yaeda. Wao wanalinda msitu usikatwe. Kampuni inapima ukaa uliobaki katika miti, na inauuza kwa watu na makampuni ya mbali yanayotaka kufidia moshi wao. Sehemu ya fedha inarudi kijijini. Imelipa walinzi wa msitu, matibabu na masomo ya watoto.

Hii inaitwa biashara ya kaboni. Nataka uione tofauti. Michango ya hiari ilisaidia kupata hati. Biashara ilikuja baadaye na kumkuta mwenye ardhi amekwisha simama na karatasi yake mkononi. Mambo haya mawili yana milango miwili. Mtu akija na kusema analeta msaada, kumbe anataka kuuza ukaa wa miti yenu, basi huyo ni mfanyabiashara. Apokewe kwa heshima, lakini azungumze bei. Serikali ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Kipo pia kituo cha Taifa cha mambo ya kaboni huko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mtendaji wenu anaweza kuuliza huko kupitia Halmashauri ya Wilaya.

TUKIRUDI KWENYE MKUTANO ULE

Watu wa kijiji kile watakutana tena. Mimi nitakuwapo, na nitasema haya nitakayoyaandika hapa. Nayaandika ili nawe uyatumie kwenu.

Kwanza, cheti. Shirika lisilo la kiserikali lazima liwe limesajiliwa kwa Sheria ya mwaka 2002. Mwenye cheti haoni haya kukionyesha.

Pili, mahali. Malisho ya ndama ni ardhi ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji inaisimamia kwa niaba yenu, na Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Mwenyekiti hawezi kuitoa peke yake, hata akipewa fulana kumi. Tena ndama watakwenda wapi? Asipokuwapo mtu wa kujibu hilo, miche italiwa, na itakuwa halali yao.

Tatu, aina ya mti. Mkaratusi si mti mbaya. Unakua upesi na unatoa nguzo nzuri. Lakini unakunywa maji mengi, na haufai karibu na chemchemi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Hapo yafaa miti ya asili kama mringaringa. Mikaratusi ipandwe mbali na maji, kwa mtu anayetaka nguzo. Migrevilea iende mipakani mwa mashamba, na miparachichi karibu na nyumba. Mama akipata parachichi za kuuza, hutahitaji kumkumbusha kumwagilia.

Na fedha? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Fulana ziachwe. Soda ziachwe. Fedha zake zigawanywe mara tatu. Sehemu ya kwanza ilipwe siku ya kupanda. Sehemu ya pili ilipwe mwezi wa Novemba, baada ya kuhesabu miche iliyovuka kiangazi cha kwanza. Ya tatu ilipwe Novemba ya mwaka wa pili, baada ya kuhesabu tena. Wahesabuji wawe watu wa shirika na watu wa kijiji pamoja. Ikiwa miche 10,000 ni mingi kuliko ndoo zetu, tupande 2,000. Mfadhili wa mbali akielezwa hivyo, naamini ataelewa. Asipoelewa, alikuwa anatafuta picha.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, ambapo kila mtu anaweza kuiona. Iandikwe humo kwamba miti ni mali ya nani, na nani ataruhusiwa kukata tawi, lini. Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Usikubali kusomewa. Shika karatasi mwenyewe, pitisha kidole chini ya kila mstari, na ukikuta neno usilolijua, simamisha mkutano uulize. Hakuna aibu hapo.

KUPUNGUZA NDOO

Maliza kwa kazi ya mikono. Ndoo 600 zinaweza kupungua.

Chimba mashimo mwezi wa Februari, kabla ya masika. Kila shimo liwe na upana wa futi 2 na kina cha futi 2. Tenga udongo wa juu, uuchanganye na samadi iliyooza, ndio uanze nao kurudisha. Panda mvua zikiwa zimeshika vizuri, usipande kwa manyunyu ya kwanza. Acha sahani kuzunguka mche ili maji ya mvua yakae. Masika yakielekea kwisha, funika sahani hiyo kwa majani makavu au maganda ya migomba, lakini yasiguse shina.

Kisha chukua chupa tupu ya plastiki. Toboa tundu dogo sana chini kwa sindano. Ifukie nusu karibu na mche na uijaze maji. Maji yatadondoka polepole kwenye mizizi, hayatanyonywa na jua. Miche mingi iliyofunikwa na kupewa chupa hutosheka na nusu ya maji. Ndoo 600 zitakuwa 300. Watoto wanaweza kujaza chupa wakirudi shule.

Yule mama mjane nimemwahidi chupa 30. Ninazo 19 mpaka sasa. Mwenye chupa tupu azilete ofisi ya kata.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya mnyauko wa migomba. Wenye maswali wayaandike kwa herufi kubwa, wayape kwa Mtendaji kabla ya tarehe 15.

Bwana Shamba wenu,
Olmotonyi.